Jamani, mnaziita kelele?

Wadau, kuna swali nimechoka kuulizwa, kwa hiyo leo nalijibu mara moja kwa wote: hivi wewe unasikiliza nini kwenye hizo kelele?

Anayeniuliza zaidi ni mwandishi mwenzangu, kaka mmoja wa dawati la michezo. Kila akipita nyuma ya kiti changu akasikia kinachovuja kwenye hedifoni, anatikisa kichwa. "Dogo, msomi mzima, mtoto wa Kiafrika, unakaa kusikiliza watu wanaobweka? Huo muziki wa wazungu waachie wenyewe." Nyumbani mama naye ana maoni yake, ila yeye huyapeleka moja kwa moja kwenye maombi.

Basi leo namjibu kaka kwa albamu moja tu. Inaitwa Effigy of the Forgotten, ya bendi ya Suffocation kutoka Long Island, New York. Ilitoka mwaka 1991, yaani imenizidi umri. Ina nyimbo 9, na hadi unamaliza zimepita kama dakika 37. Ukimuuliza mpenzi wa dethi metali, hasa lile tawi lake la kikatili zaidi, nyumba hii ilianza kujengwa wapi, kuna uwezekano mkubwa atakutajia albamu hii.

Tuanze na hoja ya wazungu, maana ndiyo inayoniuma. Waliorekodi kazi hii ni watu watano: Frank Mullen kwenye sauti, Terrance Hobbs na Doug Cerrito kwenye magitaa, Josh Barohn kwenye besi, na Mike Smith kwenye dramu. Hobbs na Smith ni Wamarekani weusi. Nilipoiona picha ya bendi hii kwa mara ya kwanza nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na niliitazama muda mrefu kuliko nilivyokuwa nasoma notisi zangu. Hadi siku hiyo nilikuwa naupenda muziki huu kama mtu aliyeingia kwenye harusi ya watu bila kadi. Kumbe mmoja wa wapishi wakuu wa gitaa na mwenye mapigo yenyewe ni watu wa rangi yangu. Na hata bila wao, tusisahau kwamba gitaa la umeme lenye fujo lilipita mikononi mwa akina Sister Rosetta Tharpe na Chuck Berry kabla halijafika kwa hao tunaowapa umiliki wote leo.

Haya, hoja ya rangi tuiweke pembeni. Twende kwenye sauti yenyewe.

Kwanza dramu. Mike Smith anapiga yale mapigo ya kasi wanayoyaita blasti: mkono mmoja kwenye matoazi, mwingine kwenye ile ngoma ndogo ya kati, na miguu inaendesha ngoma kubwa, vyote kwa kasi hadi sikio geni linasikia kama mvua kwenye bati. Lakini sikiliza mvua hiyo kwa dakika moja tu. Inakatika ghafla, inageuka mwendo, inasimama nusu pumzi, inarudi kwa hesabu nyingine kabisa. Na kila inapogeuka, magitaa mawili na besi yanageuka nayo palepale. Hakuna anayechelewa. Watu watano hawawezi kugeuka pamoja namna hiyo kwa bahati. Hayo ni mazoezi ya miezi, tena mazoezi ya kuchosha.

Pili magitaa. Nyuzi zimelegezwa chini ya kiwango cha kawaida ili sauti iwe nzito. Hobbs na Cerrito wanazifuma noti kwa kasi, halafu wanazibana kwa ubavu wa kiganja karibu na daraja la gitaa, ndipo unapata ule mlio mfupi, mkavu, kama mtu anapigilia misumari. Nyimbo zao karibu hazina kiitikio cha kushika na kuimba bafuni. Kinakuja kipande, kinafuata kingine, kisha kingine, na wewe msikilizaji unatakiwa ukumbuke ulikotoka. Mara ya kwanza nilipotea. Baada ya wiki mbili hivi nilikuwa najua kona zote, kama unavyozijua kona za daladala ya kwenu hata ukiwa umefumba macho.

Hapa kuna kitu ambacho kaka yangu wa michezo, mpenzi mkubwa wa muziki wa dansi, angekielewa haraka kama angenipa dakika tano. Kwenye dansi letu wimbo huanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake, watu wamekaa na vinywaji vyao. Halafu linakuja chemko, solo inapaa, watu wote wanainuka. Suffocation wanafanya kinyume. Chukua wimbo wa kwanza, Liege of Inveracity. Unaanza mbio, unakukimbiza hadi unaomba poo, halafu nusu ya wimbo ikishapita, mwendo unaanguka. Gitaa linabaki na kipande kimoja kizito, cha polepole, chenye mdundo wa kuyumbisha kichwa na mabega. Wenyewe wanakiita slamu. Chemko letu linapanda, lao linashuka, lakini kazi ni ileile: kuwaambia watu kwamba sasa ni zamu ya mwili. Kuna vijana duniani waliojenga tawi zima la muziki juu ya vipande vya namna hiyo.

Tatu, sauti ya Mullen, hayo ndiyo mabweko yenyewe. Sauti ile ya chini hupatikana kwa kuitumia mikunjo iliyo juu kidogo ya nyuzi za kawaida za sauti, huku pumzi ikiongozwa kutoka tumboni. Anayekwaruza koo ovyo ataamka kesho hana sauti. Na kama unadhani kuunguruma kwa mpangilio ni uvumbuzi wa Marekani, tafuta umngqokolo, uimbaji wa koo wa akina mama wa Kixhosa kule Afrika Kusini. Sisemi Mullen alijifunza kwao. Nasema koo la binadamu lina vyumba vingi, na sisi Waafrika tuliviingia zamani.

Halafu kuna ufundi wa studio. Albamu hii ilirekodiwa Morrisound, Tampa, Florida, chini ya prodyuza Scott Burns, ambaye mikono yake imepita pia kwenye kazi za Death, Obituary na Cannibal Corpse. Tatizo la muziki wenye kila kitu chini na kila kitu haraka ni kwamba unageuka uji. Hapa ngoma ya mguu imepewa mlio mkali wa juu, karibu kama kugonga meza kwa kucha, ili isizame ndani ya magitaa. Ukitaka kujua kazi hiyo ina thamani gani, sikiliza Breeding the Spawn, albamu yao ya mwaka 1993 iliyorekodiwa kwingine bila Burns. Nyimbo ni nzuri, labda ngumu hata kuliko za mwanzo, lakini sauti ni nyembamba kiasi kwamba bendi yenyewe imekuwa ikizirudia nyimbo zake kwenye albamu za baadaye. Wa kwanza kurudiwa ni ule uliobeba jina la albamu, kwenye Pierced from Within ya mwaka 1995.

Sasa suala la maneno, maana najua mama akisoma hapa ataniuliza. Maneno ni ya kifo, mauaji na uozo, na hayasikiki hadi uyasome. Mimi kazi yangu ni kuripoti mahakamani. Nimekaa kwenye benchi nikamsikiliza shahidi akieleza alivyomkuta dada yake, kisha nikarudi ofisini kumwandika marehemu kwa aya nne, kwa sababu ukurasa ulikuwa na tangazo. Kwa hiyo sitasema maneno ni maneno tu. Zipo bendi za tawi hili zinazoimba mateso ya wanawake kama mchezo, na hizo nimezifuta kwenye simu, hata wapige gitaa kama malaika. Lakini jioni ya siku ile ya shahidi sikuweza kusikiliza wimbo wowote wa mapenzi. Kila kitu kitamu kilinionekania uongo. Niliweka Effigy. Haikunifariji, ila ilikuwa na uzito unaolingana na siku yangu, na ilikuwa na mpangilio, kitu ambacho siku yenyewe haikuwa nacho. Nililala.

Ndiyo maana neno "kelele" linanikera kidogo. Ukisimama mlangoni mwa soko la Kariakoo saa nne asubuhi utasikia kelele. Ukiingia, utamsikia huyu anauza mitandio, yule anadai chenji, mwingine anaita mteja kwa jina. Lazima uingie kwanza.

Na Waafrika wameshaingia siku nyingi. Botswana ina Wrust na Overthrust, tena wapenzi wa metali wa huko wamejulikana dunia nzima kwa kuvaa ngozi nyeusi na kofia za wachunga ng'ombe. Nairobi ilitupa Duma, ambao albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Suffocation nao bado wapo. Mullen alistaafu mwaka 2018, na kati ya wale watano wa 1991 ni Hobbs peke yake aliyekuwa bado mwanachama wa bendi kwenye albamu yao ya mwaka 2023.

Kwa hiyo kaka, ombi langu ni dogo. Chukua Liege of Inveracity, usikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata dramu tu. Ya pili, magitaa. Ya tatu, subiri pale mwendo unapoanguka. Ukimaliza ukaniambia huupendi, nitakuelewa, na chai ya kesho nitalipa mimi. Ila ukiniambia ni kelele, chai utalipa wewe, na maandazi juu.