Kuelewa ni Kitu Kimoja, Kuamua ni Kingine

Kuna makala ya mwaka 1967 ambayo nimeirudia mara nyingi kuliko baadhi ya riwaya ninazozipenda. Iliandikwa na Wafaransa wawili, Daniel Schwartz na Joseph Lellouch, wataalamu wa takwimu za tiba. Haina mhusika wala mandhari. Ina swali: unapoijaribu dawa kwa watu, unataka kuelewa, au unataka kuamua?

Mfano wao ni huu. Wagonjwa wa saratani wanatibiwa kwa mionzi. Imepatikana dawa inayotarajiwa kuiongezea mionzi nguvu, ila lazima itangulie kutolewa kwa siku 30. Sasa, kundi la dawa tulilinganishe na nani? Kama tunataka kuelewa kazi ya dawa yenyewe, kundi la pili nalo lisubiri siku 30, ili tofauti iliyobaki iwe dawa tu. Kama tunataka kuamua la kufanya wodini, kundi la pili lianze mionzi leo leo, maana hakuna daktari atakayemsubirisha mgonjwa mwezi mzima bure. Dawa ni ile ile, wagonjwa ni wale wale, lakini majibu yanaweza kupishana.

Jaribio la kuelewa huchagua watu wake kwa makini: wasiwe na maradhi mengine, wasisahau kidonge, wafuatiliwe kwa karibu. Jaribio la kuamua humpokea yeyote ambaye kesho angeandikiwa dawa hiyo. Akiacha kumeza katikati, bado anahesabiwa katika kundi alilopangiwa, kwa sababu kuacha dawa nako ni sehemu ya maisha ya dawa.

Hapo huwa namkumbuka bibi yangu. Ana presha, ana sukari, na magoti yana habari zake. Mimi ndiye ninayemsomea bahasha za dawa. Siku moja nilimsomea: "Kimoja, mara tatu kwa siku, baada ya kula." Akauliza, "Mjukuu wangu, na sisi tunaokula mara mbili?" Sikuwa na jibu. Lakini swali lake lilikuwa la kisayansi kabisa. Alikuwa anauliza kama dawa ile ilijaribiwa kwa mtu anayeishi kama yeye.

Kisa kinachonikaa kichwani zaidi kilitokea huku kwetu. Mwaka 2009 ulianza utafiti ulioitwa FEAST katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo ya Teule, Muheza. Ulihusu watoto wanaofikishwa hospitali na homa kali, mzunguko wa damu ukiwa umedhoofika, mikono na miguu ya baridi. Desturi ya hospitali kubwa duniani ilikuwa kumpa mtoto wa namna hiyo maji mengi ya dripu kwa haraka. Watafiti wakauliza: je, na katika hospitali zisizo na mashine za kumsaidia mtoto kupumua?

Watoto 3,141 walipangwa kwa bahati nasibu. Wote walipata huduma nyingine za kawaida. Tofauti ilikuwa ile dripu ya haraka. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikufa kama 10 au 11. Kati ya 100 ambao hawakupewa, walikufa kama 7.

Kinachonitisha ni hiki: katika saa ya kwanza, waliopewa maji ndio walioonyesha nafuu zaidi. Mzunguko wa damu ulirudi kwa wengi wao kuliko kwa wenzao. Yaani ukiikata hadithi kwenye saa ile ya kwanza, dripu ni shujaa. Ukiiacha iendelee hadi siku ya pili, unawakuta wazazi waliorudi nyumbani bila mtoto.

Sisi wasomaji wa fasihi tunajua kwamba mahali msimulizi anapokomea ndipo hukumu inapotoka. Jaribio la kuelewa lina haki ya kukomea kwenye presha au mapigo ya moyo, kwa sababu linaulizia mwili unavyofanya kazi. Jaribio la kuamua linalazimika kungoja liulize swali la mama: mwanangu yuko hai?

Lakini si kwamba kuelewa hakuna kazi. FEAST ilionyesha la kuacha kufanya bila kueleza kwa nini. Uchambuzi wa mwaka 2013 ndio uliopendekeza kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na mzunguko wa damu kuporomoka, kuliko maji kujaa kwenye mapafu au ubongo. Na matokeo yale hayamhusu mtoto aliyekaushwa na kuhara. Huyo hakuwemo katika utafiti, na anahitaji maji.

Kwa hiyo siku hizi nikisoma kwamba dawa fulani "imethibitishwa", nauliza mambo matatu: walijaribiwa akina nani, walilinganishwa na nani, na hesabu ilifungwa lini? La kwanza amenifundisha bibi, ambaye hajawahi kusikia habari za Schwartz wala Lellouch, na bado anakula mara mbili.