Kila Mguso ni Moja

Pasua tulikuwa na kijimpira cha soksi. Ilikuwa soksi iliyopoteza mwenzake, mara nyingi ya mtumba kutoka soko la Memorial, na ndani yake tulijaza vitambaa au mahindi. Cha vitambaa kilidunda kidogo. Cha mahindi hakikudunda kabisa: kilitua mguuni kikakaa, na kikinyeshewa, baada ya siku mbili kilinuka.

Mchezo ulikuwa danadana. Unapiga kwa mguu, kwa goti, kwa kichwa, kisiguse chini wala mkono. Wenzako wanahesabu kwa sauti. Kikianguka, unampisha anayefuata. Refa hakuwepo. Tuliacha giza likiingia, au mmoja akiitwa kwao akanunue mafuta ya taa.

Mkali wetu alikuwa dada, binti wa mama mkubwa. Alikirusha juu, akazungusha mguu kukipita kikiwa hewani, kisha akakidaka kwa mguu huohuo nyuma ya mguu mwingine, sketi kaishika kwa mkono mmoja. Kijimpira kinatulia pale kama kimelala. Tuliita kumlaza mtoto. Lakini hesabu yetu ilikuwa ya miguso, na kila mguso ni moja. Kijana aliyekwenda goti kwa goti mpaka sitini alimshinda dada aliyefika ishirini baada ya kumlaza mtoto mara nne. Hatukuona ubaya wowote.

Nilikuwa tayari chuo kikuu niliposoma habari za futibegi, kijimfuko kinachochezwa kwa miguu. Mwaka 1972, Oregon City, Marekani, Mike Marshall alikuwa na kijimfuko alichokitengeneza mwenyewe. John Stalberger alikuwa anauguza goti, wakawa wanakipiga pamoja, naye akipata mazoezi. Marshall alifariki mwaka 1975 akiwa na miaka 28. Stalberger akaendelea, na mwaka 1983 jina la Hacky Sack likanunuliwa na kampuni ya Wham-O. Vijana wakasimama duara kwenye viwanja vya vyuo, wakipitisha muda tu.

Kilichoubadili mchezo huo ni kutuliza. Ukikipiga, kinaondoka. Ukikituliza mguuni, unapata muda wa kufikiri, na hapo ndipo mbinu zilipoanza kuzaliwa, kupewa majina na kupewa uzito. Katika mtindo huru, ugumu wa mbinu unahesabiwa kwa vipande vyake: kukituliza, moja, kuzungusha mguu kukipita hewani, moja, kukidaka mguu ukiwa umepita nyuma ya mwenzake, moja. Watu wanapanga mbinu hizo kwa muziki mbele ya majaji. Mcheki Václav Klouda amekuwa bingwa wa dunia mara kadhaa kwa kazi hiyo.

Nilizijumlisha tena kuhakikisha. Kumlaza mtoto ni tatu.

Dada aliacha alipomaliza darasa la saba. Hakuna aliyemfukuza. Mama mkubwa alisema mara moja tu, bila ukali, "Wewe sasa mkubwa, utarusharusha miguu barabarani mpaka lini?" Kesho yake alikaa barazani anachambua mchele, na sisi tukaendelea kuhesabu. Timu ikipoteza mchezaji, kocha anauliza yuko wapi. Duara likipungukiwa mtu, waliobaki wanasogea kidogo tu, na nafasi inajifunga.

Mwaka 2019 Donald Trump, akiwa rais wa Marekani, alisambaza mtandaoni video ya Hadhara Charles, Mtanzania, akipiga danadana. Simu za Pasua zikajaa video hiyo. Wengi walizungumzia Trump. Dada aliitazama mara tatu, kisha akauliza, "Kavaa viatu gani?"

Sidai kwamba kila mchezo wa uani upewe shirikisho na beji. Duara lina adabu ambayo jukwaa halina: aliyekosea anapata zamu tena, na mtoto wa miaka sita anaingia bila kiingilio. Ila nimechoka kusikia kwamba michezo ya hivyo ni ya kupitisha muda tu, kwa sababu kauli hiyo ndiyo iliyorahisisha kumtoa dada. Ukimtoa mtu kwenye kitu ambacho si kitu, ni kama hujamnyang'anya chochote.

Likizo iliyopita nilimkuta sokoni Pasua, kwenye meza yake ya ndizi, nikamweleza zile hesabu. Alisikiliza huku akimpangia mteja mzuzu.

"Tatu?" akasema. "Na ile ya kisogoni?"

Nilikuwa nimeisahau. Alikuwa anainama kijimpira kinamtua nyuma ya shingo. Nikapiga hesabu: kukituliza moja, na moja ya kutumia sehemu isiyo ya mguu.

"Mbili, dada."

"Mbili tu?" Alicheka mpaka mteja akageuka. "Basi na hao Wazungu wako hawajui kuhesabu. Ile ndiyo ilikuwa ngumu."