Omu Mia Nne na Sabini

Wako wenzangu wanaosema ati rezista hazina kazi duniani ila kumtoa mtu jasho katika mtihani wa Fizikia. Mimi napinga. Rezista tatu kuukuu ndizo zinazonisomesha usiku.

Sisi wa kutwa tunajuana. Wenzetu wa bweni husoma jioni chini ya taa za shule. Sisi mtu afike nyumbani, ateke maji, achambue mboga, kisha ainamie koroboi hadi pua ijae masizi. Kwetu hakuna stima. Lakini tuna betri ya pikipiki ya volti 12 aliyotuachia mjomba, nami nilikuwa na kibalbu cheupe cha LED kutoka tochi mbovu.

Kibalbu kama hicho chataka volti 3 hivi, na mkondo wa miliampea 20 basi. Ukikiunga kwa betri moja kwa moja, kwaheri. Volti 9 zinazosalia sharti zitafutiwe mahali. Kwa kanuni ya Georg Ohm, aliyoichapisha mwaka 1827, gawa 9 kwa 0.02 upate omu 450. Rezista ya kawaida iliyo karibu na hapo ni ya 470, nayo iko mjini, na nauli ni ghali kuliko rezista yenyewe!

Fundi wa redio pale sokoni akanipa mabaki ya redio iliyokufa. Nikasoma rangi: nyekundu, nyekundu, kahawia, hiyo ni 220. Kahawia, kijani, kahawia, 150. Kahawia, nyeusi, kahawia, 100. Haba na haba hujaza kibaba. Ukiziunga kwa mfuatano, mkia wa hii kwa kichwa cha ile, ukinzani unajumlishwa tu: 220 na 150 na 100 ni 470. (Zile za sambamba, zenye kupindua sehemu, zinanikera hadi leo.)

Mama alikataa. "Utatuchomea nyumba, wewe!"

"La, Mama. Njia ni moja, na umeme wote lazima upite kwa hawa watatu, kila mmoja anauzuia kidogo."

"Kwa hivyo huyo wa kwanza ndiye anachoka, wa mwisho anapumzika?"

Swali hilo sijalisikia darasani, na nadhani wengi wetu tungebabaika. Mkondo hauliwi njiani. Ni uleule, kama miliampea 19, kwa rezista ya kwanza hata ya mwisho. Kinachogawanywa ni volti, na mwenye ukinzani mkubwa ndiye hupata fungu kubwa: ya 220 huchukua volti 4.2, ya 150 huchukua 2.9, ya 100 huchukua 1.9. Jumlisha mwenyewe.

Mama hakutaka hesabu. Aliniamuru nizipange upya, ile kubwa iende mwisho. Nikafungua, nikasokota nyaya tena. Mwanga ukawa ni uleule. "Haya, iweke katikati." Uleule! Akatazama kitambo, kisha akavuta kigoda na kuleta mchele wake auchague hapo hapo.

Siku hizi mdogo wangu huketi upande wa pili wa meza, na vitabu vyetu karibu vigusane, maana mwanga wenyewe si mwingi. Koroboi ingali dirishani, ya siku zile betri imepelekwa kuchajiwa.