Ala Isiyolia: Ziara Yetu katika Makumbusho ya London



Katika likizo ya shule tulikwenda, familia tatu pamoja na watoto, kuzuru British Museum iliyopo mjini London. Kuingia ni bure, na milango yake imekuwa wazi kwa umma tangu mwaka 1759. Wengi hukimbilia Jiwe la Rosetta, nasi tulianza hapo. Lakini kilichotuweka sana ni kitu kidogo katika ghorofa ya juu, cha kutosha kiganjani.

Ni uso wa mwanamke mwenye masikio ya ng'ombe, wenye rangi ya feruzi. Kilikuwa kipande cha sistra, ala iliyotikiswa mfano wa kayamba. Wamisri wa kale waliiita sesheshet, jina linaloiga mlio wake, mithili ya mchakacho wa mafunjo mtoni. Wanawake wa hekaluni waliitikisa mbele ya Hathor, waliyemwabudu. Na huko Dendera nguzo za hekalu lake zimechongwa kwa umbo la ala hii.

Kipande hicho si cha udongo. Ni faiyansi: mchanga mweupe uliosagwa, ukatiwa chokaa, magadi na shaba kidogo, kisha ukachomwa tanurini hata ukang'aa.

Mama mmoja alisita. "Jamani, tuwaoneshe watoto masanamu?"

Mzee wetu akamjibu kwa upole, "Mwanangu, kutazama si kuabudu. Tumeamrishwa tutembee katika ardhi, tuzingatie mwisho wa waliotutangulia."

Kijana wa miaka minane akauliza, "Babu, mbona hailii?"

"Waliojua kuitikisa hawapo, mjukuu wangu. Lakini Ethiopia, makanisani mwao, ala ya jinsi hii ingali inalia hadi leo, kwa kuwa kila kizazi kilikifundisha kizazi kilichofuata."

Ndani ya treni tuliwasemesha watoto kwa Kiswahili. Wakatujibu kwa Kiingereza, wote isipokuwa yule mdogo. Hapo tulitazamana. Lugha yetu nayo yaweza kuhifadhiwa vizuri ndani ya kioo, ikakosa wa kuitikisa. Tumekubaliana tangu siku hiyo: nyumbani, mezani, ni Kiswahili tu.

Wanaopenda kufuatana nasi safari ijayo wanakaribishwa. Wachukue chakula chao, na babu au bibi mmoja.