Butembo: Wanafunzi wajifunza kubishana kwa kalamu

Swali liliandikwa ubaoni kwa Kiingereza, katika darasa la mwaka wa tano wa sekondari mjini Butembo: je, shule zifungwe siku za "ville morte"? Wanafunzi walicheka. Swali hilo halikutoka kitabuni. Huwakuta njiani wakiwa na madaftari mkononi, maduka yamefungwa, mawe yamepangwa barabarani, na hakuna ajuaye kama mwalimu atafika.

Mwalimu aliwagawa sita sita. Kwa kawaida kazi ya kikundi maana yake ni mmoja kuandika na watano kuongeza majina yao chini. Safari hii wawili walitetea kufunga, wawili wakapinga, mmoja alikuwa wa kuuliza "umejuaje?" na wa sita akawa mwandishi. Kilicholeta kelele ni sharti moja: anayetaka shule zifungwe ndiye aandike aya ya wale wasiotaka, na wenyewe wakubali kwamba ndivyo walivyosema. Kisha wabadilishane.

Wengi wao huzungumza Kinande nyumbani, Kiswahili mjini na Kifaransa darasani. Kiingereza kinakuja mwisho, ingawa katika mji wa biashara kama Butembo, ambako bidhaa huingia kupitia Kasindi kutoka Uganda, si lugha ya mbali. Shida ni mtihani wa serikali. Insha huandikwa kwa Kifaransa. Kwa Kiingereza mwanafunzi huchagua jibu tu. Mzazi anayelipa karo kwa taabu akiuliza kwa nini saa nzima ipotee kwa kitu kisichoulizwa kwenye mtihani, ana haki ya kuuliza. Lakini hapo ndipo mtoto anapomaliza miaka sita bila kuandika ukurasa mmoja wa hoja zake kwa lugha hiyo.

Kazi ya kuuliza "umejuaje?" haikupendwa na mtu. Hata hivyo, Beni na Butembo zinajua gharama ya kutouliza. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na haikutangazwa kwisha hadi 25 Juni 2020. Katikati ya muda huo uvumi kwamba ugonjwa ni biashara ulizunguka kila mtaa, na mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kwa hiyo kila palipoandikwa "watu wanasema", mwalimu alipiga mstari mwekundu.

Katika kikundi kimoja alikuwamo msichana ambaye familia yake ilikimbia mauaji upande wa Beni. Yeye alitaka shule zifungwe. Alikumbusha mwezi wa nne 2021, wanafunzi wa Beni walipokaa siku kadhaa kwenye ofisi ya meya wakidai mauaji yakomeshwe na rais afike. "Tukienda shule kama hakuna kilichotokea, nani atajua kwamba watu wanakufa?" aliuliza.

Mvulana aliyekaa mbele yake alijibu taratibu: "Wanaoua hawaoni daftari langu. Siku niliyokosa ni hasara yangu peke yangu."

Zamu ya kuandika aya ya mvulana ikamwangukia msichana huyo. Aliandika mstari mmoja: wanaopinga ni waoga. Mvulana akakataa kuupokea. Kimya kikawa kirefu, na wengine wakaanza kutazama dirishani. Mwishowe msichana aliuliza swali ambalo hakuna aliyemtuma aulize: kwenu siku hiyo mnakula nini? Ndipo ikajulikana kwamba mama yake huuza mboga sokoni, na soko likifungwa, jioni hawapiki. Msichana akaandika upya, mistari saba, na mvulana akaikubali. Mvulana naye alipofika kwenye aya ya msichana alikawia zaidi. Alifuta mara tatu kabla ya kuandika neno "kuzika".

Sentensi ya mwisho haikupatikana. Kengele ililia wakiwa bado wanavutana, wakatoa karatasi yenye hitimisho mbili, moja kwa kalamu ya bluu, nyingine nyeusi. Mwalimu aliwapa saba juu ya kumi. Alama moja aliikata kwa sababu neno "because" lilikosewa katika zote mbili.