Meli za Paul Martin

Leo nina la rohoni. Wiki iliyopita nilimhoji mfanyabiashara mmoja anayeutaka ubunge. Nikamuuliza, ukishinda, kampuni ataendesha nani? "Wanangu," akajibu. Nikaandika, nikafunga daftari. Usiku nikamkumbuka Paul Martin wa Kanada, nikajiona mjinga.

Martin alizaliwa Windsor, Ontario, mwaka 1938. Upande wa baba ni Wafaransa wa Ontario. Mzee wake, waziri wa siku nyingi, aliutaka uongozi wa chama cha Liberal mara tatu akaukosa. Kijana akasomea sheria, lakini akakimbilia biashara. Mwaka 1981 yeye na mwenzake walinunua kampuni ya meli, Canada Steamship Lines, kwa fedha nyingi za mkopo. Bungeni aliingia 1988.

Alikuwa waziri wa fedha kuanzia 1993 hadi 2002. Alikuta nakisi ya dola kama bilioni 42, akaifuta. Kazi nzito, hilo simnyimi. Ila alipunguza hata fedha ambazo majimbo yalitumia kwa hospitali na vyuo, huku baadhi ya meli za kampuni yake zikipeperusha bendera za nje, kama ya Bahamas, ambako kodi ni nafuu. Sheria haikuvunjwa. Hapo ndipo panaponikera!

Kampuni ilikuwa mikononi mwa wadhamini. Mwaka 2003 akawaachia wanawe watatu (mnaona?), na Desemba akawa waziri mkuu. Kampuni ilikuwa imelipwa kiasi gani na serikali tangu 1993? Jibu la kwanza: dola kama 137,000. Januari 2004 hesabu ikasahihishwa: milioni 161. Jamani! Lile jibu la kwanza mimi ningelichapa lilivyo, nikaenda zangu kunywa chai.

Aliangushwa kwenye uchaguzi wa Januari 2006, na wala si kwa meli. Ilikuwa kashfa ya fedha za matangazo kule Quebec, iliyoanza enzi za mtangulizi wake. Tume ilimsafisha yeye binafsi. Baadaye, 2008, akawa mwenyekiti mwenza wa mfuko wa misitu ya Bonde la Kongo, pamoja na Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Mtu si rangi moja.

Nimempigia tena yule bwana. Kesho saa nne asubuhi. Nataka kujua malori yake yanabeba mizigo ya nani, na kwa shilingi ngapi.