Rumonge, kwa Shemeji Aliyekataa Kukimbia

Msafiri atokaye Kigoma kwenda Rumonge hupanda kwanza milima ya Manyovu, akavuka mpaka na kuingia Mugina, kisha huteremka hadi Nyanza-Lac, ambako Ziwa Tanganyika, alilolipa kisogo asubuhi, humtokea tena mbele kana kwamba lilitangulia kumngoja. Kutoka hapo barabara hufuata ufuko kuelekea kaskazini. Mkono wa kushoto ni maji. Mkono wa kulia ni michikichi na vilima, na mahali pamoja msitu mdogo wa Kigwena, uliosalia kati ya mashamba kama mzee aliyekataa kuhama.

Mimi ni mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi kikosini, na tangu nistaafu nawafundisha raia, mtu mmoja mmoja, wengi wao wenye vitambi na haraka ya kuviondoa. Safari yangu ya kwanza ya Rumonge haikuwa ya karamu. Dada yangu aliolewa huko na askari polisi ambaye naye sasa amestaafu. Alinipelekea habari kwamba shemeji amepimwa, ameonekana ana kisukari pamoja na shinikizo la damu, na daktari amemtaka apunguze uzito. "Njoo umfanyie yale uliyokuwa ukiwafanyia kuruta," alisema dada. Nami nikaenda kumfanyia yale yale, na hapo ndipo nilipokosea.

Rumonge haimsumbui Mswahili. Mji uko mwendo wa kilomita sabini na kitu kusini ya Bujumbura, na lugha yetu inasemwa pale sokoni, bandarini na misikitini tangu zamani. Yanayobadilika ni majina ya samaki tu. Dagaa wetu wa Kigoma kule ni ndagala. Mgebuka, ambao tunajisifu nao kwa wageni, wao huuita mukeke, tena wanajisifu nao kutushinda. Jioni mitumbwi huondoka na taa zake, na usiku ukisimama ufukoni utadhani mji mwingine umejengwa juu ya maji. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazifai kitu, kwa kuwa samaki hawafuati taa, na wavuvi hupumzika. Alfajiri ndagala humwagwa juani wakakauke, fedha tupu, huku wanawake wakiwapindua na kufukuza kunguru.

Asubuhi ya kwanza nilimtoa shemeji ufukoni peku, kama tulivyokuwa tukiwatoa vijana, maana mchanga hukaza nyayo na vifundo. Nikampa amri: "Mbio, pole pole, hadi kwenye mtumbwi ule!" Hakusogea. Nilidhani hakusikia, nikarudia kwa sauti ya kikosini. Akanitazama kwa utulivu.

"Shemeji," akasema, "mimi nilikwisha kukimbia."

Alikuwa mtoto wa miaka minane mwaka 1972, machafuko yalipoanza upande huu wa Rumonge na Nyanza-Lac na mauaji yakaenea nchini. Mama yake alimshika mkono wakakimbia usiku kufuata ufuko kuelekea kusini, hadi Tanzania. Huko ndiko alikokua, na ndiko alikomwona dada yangu. Watu wa pwani hii walikimbia tena mwaka 1993, na tena 2015, wakati meli ya Liemba ilipowachukua maelfu waliokwama Kagunga na kuwafikisha Kigoma. Mkufunzi akitamka neno hilo "kimbia" mbele ya wazee wa Rumonge, hajui anagonga mlango wa nani.

Ningalikuwa na busara ningalivaa viatu tukarudi nyumbani. Badala yake nikasema, vema, basi tutatembea, ila kwa kasi na peku. Siku ya nne dada aliona damu sakafuni. Mwiba wa samaki ulikuwa umemchoma shemeji chini ya kidole gumba, naye hakuhisi kitu. Kisukari kikikaa mwilini hufisha mishipa ya fahamu miguuni, mgonjwa akakanyaga moto asijue, na kidonda chake hukawia kupona kwa sababu damu haifiki vizuri. Haya nilikuwa nimeyasoma. Kuyasoma hakukunizuia kumvua mtu viatu. Kile kidonda kilichukua wiki sita, na katika wiki hizo zote dada hakunilaumu hata mara moja, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko lawama.

Kwa kuwa hatukuweza kutembea, tukaingia jikoni. Hapa nawaomba akina mama wa nyumbani wanisikilize, kwani mambo ya Rumonge ni yale yale ya Kigoma. Nchi ya michikichi hupika kwa mawese, na mawese mekundu si adui: rangi ile ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, yenye kulinda macho. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayoganda, na kijiko kimoja kikubwa kina nguvu zinazokaribia zile za mkate vipande viwili. Dada alikuwa akimimina kwa upawa. Hatukuyaondoa, mume gani wa Rumonge atakula isombe isiyo na mawese? Tuliweka kijiko badala ya upawa, basi.

Mukeke, aliokuwa akiukaanga, tukauchoma juu ya makaa. Ndagala tukawaacha kama walivyo, kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao midogo, na mfupa huo ni chokaa ya mifupa yetu. Chumvi tulipunguza kwa vita kubwa zaidi: Shirika la Afya Ulimwenguni linataka mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na shemeji alikuwa akiongeza mezani kabla ya kuonja. Maharagwe, chakula cha kila siku cha Mrundi, yakapandishwa cheo. Lengalenga zikajaa nusu ya sahani. Ugali wa muhogo ukashushwa hadi ukubwa wa ngumi yake. Kuhusu Primus ya jioni sitasema mengi. Alipunguza, hakuacha, na mimi sikumpeleleza.

Askari mstaafu ana balaa lake la pekee. Tumbo lake limezoea posho ya mtu anayeamka saa kumi na kwenda mwendo wa mzigo, na siku anapovua sare tumbo halipewi barua ya kustaafu. Mimi mwenyewe niliongezeka kilo kumi na moja mwaka wa kwanza, huku nikiwafundisha wengine.

Jioni moja, mguu ukiwa juu ya kigoda, shemeji aliniuliza kama namjua Vénuste Niyongabo, mtoto wa Vugizo katika mkoa wa zamani wa Makamba. Nani asiyemjua? Mwaka 1996 kule Atlanta, Burundi ikishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, alishinda mita 5,000 na kuipa nchi yake dhahabu. Shemeji hakutaka dhahabu. Alitaka kunieleza habari ya mita 1,500. Zile ndizo zilizokuwa mbio za Niyongabo hasa. Lakini mwenzake mkubwa kwa umri, Dieudonné Kwizera, alikuwa amekosa Olimpiki za 1988 na 1992 kwa sababu Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki, na Niyongabo akamwachia nafasi yake. Yeye akaingia katika mita 5,000, mbio ambazo hakuwa na mazoea nazo.

"Unaona?" akasema shemeji. "Na yule alibadilisha mbio."

Kidonda kilipofunga tulianza upya. Viatu vilivyofungwa, soksi kavu, na dakika kumi tu kwa siku kando ya mashamba ya michikichi, ambako kuna kivuli. Kila wiki mbili tuliongeza dakika tano, hadi zikafika thelathini, siku tano kwa wiki. Hizo ndizo dakika mia moja na hamsini ambazo Shirika la Afya linazishauri. Siku ya sita alivuta kasia katika mtumbwi wa jirani, karibu na ufuko, kwani kupiga kasia hukaza mgongo na mikono bila kuudhi mguu. Kuogelea tulikuacha: ziwani mna kichocho na mamba, na mimi nimeshamtia mashakani mara moja, yatosha.

Nilirudi tena baada ya mafuriko ya 2024. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda yakala nyumba na ufuko, na mchanga ule niliomvulia viatu shemeji sikuuona; palikuwa na maji na mashina ya miti. Kipimo chake cha damu kilikuwa kimeshuka, ingawa si kama daktari alivyotaka, na dawa angali anazimeza. Alfajiri nilimkuta amekaa kizingitini. Alitia mkono ndani ya kiatu, akakipapasa pande zote, akakipindua na kukigonga ukutani mara mbili, kisha akafanya vivyo hivyo kwa kile cha pili. Akakishika kiatu changu pia, akakigonga.

"Twende, shemeji," akasema. "Leo wewe ndiye utakayechoka."